Waifai inayoshika stima ikikatika: kisa cha draiva zilizogombana kwenye kompyuta ya nyumbani, Lamu

Kisa hiki ni cha nyumba moja katika mji wa kale wa Lamu. Majina, mtaa na kila kinachoweza kumtambulisha mwenye kompyuta vimeondolewa. Nimekiandika kwa mafundi wanaoanza kazi, na kwa watu wa nyumbani ambao adapta ya waifai, kile kijiti kinachochomekwa ili kompyuta ishike mtandao, ikiwasumbua huambiwa neno moja tu: "Piga Windows upya," yaani futa yote uiweke tena.

## Nyumba, mashine na watu wake

Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, mojawapo ya zile zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikauzwa Mombasa zikiwa na Windows 10 Pro. Kasha lake ni jembamba, la chuma tupu. Waifai ya ndani haina. Ina tundu la waya wa mtandao na basi. Mwenyewe ni mama wa makamo mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache, na kompyuta anaiweka kwake anakolala. Asubuhi hujibu barua pepe za wanaotafuta vyumba na kuandika hesabu za jana. Ikifika Juni, ritani za kodi hujaziwa hapo hapo kwenye iTax. Usiku mashine ni ya mpwa wake, kijana anayesoma chuo kwa mtandao.

Nyumba ni ya kale: mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari ya boriti. Ruta wameiweka ndani ya kidaka, mahali ambapo zamani palipambwa kwa vyombo vya kauri. Kompyuta iko chumba cha pili, ukuta mmoja katikati. Mtu angesema vuteni waya yaishe. Lakini mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwamo, mama huyu hakuwa tayari kuona dirili ikigusa ukuta wa babu yake. Ikabaki adapta ya USB.

## Ilivyoanza, na waliopita kabla

Adapta ya kwanza ilifanya kazi miaka bila mtu kuikumbuka. Ilivunjika siku kuta zilipokuwa zikipakwa chokaa, kasha liliposukumwa nyuma likaibana ukutani. Mpwa akaenda dukani na ile iliyovunjika mkononi, akarudi na nyingine: plastiki ile ile, maandishi yale yale, bei kidogo chini.

Ndani yake ilikuwa na chipu nyingine. Hili ni jambo la kawaida kwenye vifaa vya bei ya chini. Umbo hubaki, chipu hubadilika kulingana na kilichopatikana kiwandani. Ukifungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, na kutazama kitambulisho cha kifaa, adapta ya zamani ilikuwa VID_0BDA&PID_8176, na mpya ni VID_0BDA&PID_8179. Tarakimu za kwanza, 0BDA, ni namba ya mtengenezaji wa chipu, Realtek. Za mwisho ndizo zinazotaja chipu yenyewe: 8176 ni RTL8188CUS, 8179 ni RTL8188EUS. Kwa mtu anayesoma jina haraka haraka ni ndugu wasiotofautiana, lakini kila moja inataka draiva inayoijua, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza nayo.

Adapta ilikuja na sidii ndogo, na kijana akaiweka yote kama ilivyo. Sidii ilikuwa na draiva ya siku nyingi pamoja na programu yake ya kusimamia waifai, inayokaa pembeni ya saa kwenye skrini na kujiwasha kila mashine inapowaka. Waifai ikashika. Baada ya muda ikaanza kukatika katikati ya vipindi vya chuo. Kijana akapakua programu ya bure inayojinadi kutafuta draiva zote za kompyuta na kuzifanya mpya. Ikampa draiva ya pili, na juu yake matangazo na kivinjari ambacho hakukiomba. Wakati huo huo Windows Update, huduma ya masasisho ya Windows, nayo ilikuwa imeshaleta ya kwake. Draiva tatu, adapta moja.

Fundi wa kwanza aliyeitwa aliiondoa adapta kwenye Device Manager, akaichomeka tundu jingine, ikashika. Akalipwa, akaenda zake. Kesho yake asubuhi mama alikuta alama ya manjano na maneno kwamba kifaa hakiwezi kuanza, Code 10. Fundi akarudi, akarudia yale yale, na ikashika tena mpaka kesho yake. Mara ya tatu akasema dawa ni kupiga Windows upya, na bei akaitaja.

Hapo ndipo simu yangu ikalia. "Ndoo uone, mwanangu, imekufa tena."

## Alichokiona mama

Nilipofika, kabla ya kugusa kibodi, niliuliza ni lini inafanya kazi. Watu wengi huulizwa lini imeharibika, na jibu huwa ni "kila wakati", ambalo halisaidii kitu. Mama akafikiri kidogo. "Stima ikikatika ikarudi, inashika. Tukiizima vizuri usiku, asubuhi haishiki."

Mpwa akacheka. "Mamdogo, si stima hiyo." Kumbe fundi wa kwanza naye alikuwa ameambiwa maneno hayo hayo, akayageuza kuwa habari ya umeme mdogo wa mchana na umeme mkubwa wa usiku.

Mama alikuwa amesema jambo sahihi kuliko yote yaliyosemwa kuhusu mashine ile. Tangu Windows 8, ya 2012, kuzima kompyuta kwa kawaida si kuzima kabisa. Kuna mpangilio unaoitwa Fast Startup, na kwenye mashine nyingi huwa umewashwa kutoka mwanzo. Ukibonyeza Shut down, programu zako hufungwa kweli, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva zake huhifadhiwa kwenye diski jinsi zilivyokuwa. Asubuhi ukiwasha, Windows hairudii kuzianzisha. Inaichukua ile hali ya jana na kuendelea nayo. Ndiyo sababu huwaka haraka. Draiva iliyoandikwa vizuri huamka bila shida. Iliyoandikwa ovyo hudhani bado inazungumza na adapta ya jana, ilhali adapta ilikatiwa umeme usiku kucha na imesahau kila kitu.

Stima ikikatika mashine ikiwa inatumika, hapana wakati wa kuhifadhi chochote. Ikirudi, Windows inalazimika kuanza upya kutoka sifuri na kila draiva inaanzishwa upya. Kubonyeza Restart hufanya vivyo hivyo, kwa sababu Restart haitumii Fast Startup. Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa akifanya kazi yake mchana, akiwasha upya katikati ya kazi, na kila mara akiondoka anaacha mashine nzima. Ugonjwa ulikuwa ukimngoja aondoke, mama azime, alale.

Kulipima hili hakuhitaji programu yoyote. Ukishika kitufe cha Shift huku ukibonyeza Shut down, Windows huzima kabisa bila kuhifadhi kiini. Tulizima kwa Shift, tukangoja, tukawasha: ikashika. Tukazima kwa kawaida, tukawasha: Code 10. Tukarudia, majibu yakawa yale yale. Kijana akaacha kucheka.

## Kupima kabla ya kugusa

Jibu la asubuhi lilikuwa limepatikana nusu. La mchana lilikuwa bado, maana hata siku iliposhika, muunganisho ulikuwa ukikatika kila baada ya muda mfupi na kurudi.

Lamu ukisema waifai inakatika, kila mtu hunyoosha kidole ukutani. Kweli, matumbawe na chokaa hunyonya mawimbi. Basi tukaiweka simu ya mama juu ya kasha la kompyuta, ikafungua video bila kusita. Kama ukuta ungekuwa ndio kikwazo, simu nayo ingesuasua. Kisha adapta tukaichomoa na kuichomeka kwenye laptopu ya rafiki wa kijana, chumba kile kile, ikakaa jioni nzima bila kukatika. Ruta nzima, adapta nzima. Lililobaki liko ndani ya Windows ya mashine ile.

Windows 10 ina ripoti yake ya waifai ambayo mafundi wengi hawaigusi. Ukifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika netsh wlan show wlanreport, unapata ukurasa wenye historia ya siku tatu: lini adapta iliunganika, lini ilikatika, na nani aliyekata. Ripoti ile ilionyesha kwamba ruta haikuwa ikimfukuza mtu. Mkato ulikuwa ukitoka upande wa kompyuta, na mara nyingi ulifuata nyayo za ile programu ya sidii, ambayo ilikuwa ikijaribu kuunganisha upya adapta iliyokwisha kuunganishwa na Windows. Windows ina huduma yake ya kusimamia waifai, WLAN AutoConfig. Programu ya sidii nayo ilijiona ndiyo msimamizi. Nilipomweleza mama, alinimalizia mwenyewe: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jambo moja dogo lilinieleza historia nzima ya mashine. Muunganisho haukuitwa "Wi-Fi" bali "Wi-Fi 5". Adapta za bei ya chini mara nyingi hazina namba yake pekee ya kuzitofautisha, kwa hiyo ukiihamisha kutoka tundu moja la USB hadi jingine Windows huiona ni kifaa kipya, huipa nafasi mpya na jina jipya. Zile za zamani hazifutiki, zinafichwa. Kwenye Device Manager, menyu ya View, ukichagua kuonyesha vifaa vilivyofichwa, zinatokea zote zikiwa na rangi iliyofifia. Zilikuwepo pale, pamoja na adapta ile ya kwanza iliyovunjika, nayo bado ina draiva yake.

Matundu ya mbele ya kasha niliyaangalia kwa tochi: vidole vya shaba ndani yake vimeota ukoga wa kijani. Upepo wa bahari hauchagui. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba matundu ya mbele ni ya kuchajia simu tu, na yote tutakayopima yapimwe nyuma.

## Kwa nini hatukupiga Windows upya

Hili lilijadiliwa kwa kirefu, kwa sababu fundi wa kwanza si mjinga na ushauri wake ndio ushauri wa mji mzima.

Sababu ya kwanza ilikuwa hesabu za mama. Programu ya hesabu ilinunuliwa, na namba yake ya kuifungulia ilikuwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyejua ilipo. Nakala ya data ingeweza kuchukuliwa, programu yenyewe isingerudi kirahisi. Ya pili ni kwamba kuhamia Windows 11 kwa njia rasmi hakukuwezekana: inataka TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, kichakato cha kizazi cha 8 na kuendelea. Mashine hii ni ya kizazi cha 4. Ingekuwa ni Windows 10 juu ya Windows 10, ambayo kikomo cha msaada wake wa kawaida wa Microsoft kilikuwa 14 Oktoba 2025.

Lakini sababu iliyonizidi nguvu ni ya tatu. Windows mpya ingekuja na Fast Startup ikiwa imewashwa. Kijana angechomeka adapta, angeweka sidii ile ile, na baada ya wiki chache tungekuwa tumerudi tulipo, mama akiwa amelipa mara mbili na hesabu zikiwa zimepotea. Kupiga upya hufuta ushahidi. Ukiwa hujui ni kitu gani kimeharibika, hutajua kama umekitengeneza.

## Kazi yenyewe

Kwanza tulihitaji intaneti isiyopitia adapta. Simu ya kijana iliunganishwa kwa waya wa kuchajia, ikawekwa kugawa mtandao kwa USB. Windows 10 huitambua yenyewe. Bando kidogo tu lilitosha, kwa kuwa draiva ni faili ndogo. Tukatengeneza nukta ya kurudia ya mfumo (restore point), kisha tukatoa nakala ya draiva zote kwenye flashi kwa amri pnputil /export-driver, ukiitajia nyota na folda ya kuzipeleka. Hatua hii haikosi kwenye kazi zangu. Huchukua muda wa kunywa kahawa na huokoa mtu.

Tulianza na programu ya sidii peke yake, tusiguse kingine. Iliondolewa kwa njia ya kawaida, mashine ikawashwa upya, tukaiacha ifanye kazi mchana kutwa. Mikato ikakoma. Code 10 ya asubuhi ikabaki. Tofauti hiyo ilikuwa muhimu: yalikuwa matatizo mawili yaliyovaa nguo moja, na fundi wa kwanza alikuwa akiyapiga yote kwa fimbo moja.

Siku iliyofuata tukageukia draiva. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukiondoa kifaa kwenye Device Manager bila kuweka alama kwenye kisanduku cha kufuta pia draiva yake, umeondoa kifaa tu. Faili za draiva zinabaki kwenye ghala la Windows. Ukichomeka tena, Windows inaingia ghalani na kuchagua. Namna inavyochagua inajulikana: hutazama kwanza sahihi ya draiva kama inaaminika, kisha jinsi inavyolingana na kitambulisho cha kifaa, na zikilingana huchukua yenye tarehe ya karibuni, halafu namba ya toleo. Iliyoletwa na ile programu ya bure ndiyo iliyokuwa na tarehe mpya kuliko zote. Kwa hiyo kila fundi alipoondoa na kuchomeka, ile ile ilirudi, akidhani ameweka nyingine. Tarehe mpya haimaanishi draiva nzuri.

Tukachomoa simu ili Windows isije ikavuta kitu mtandaoni katikati ya kazi, tukachomoa na adapta. Vifaa vilivyofichwa vya waifai vikaondolewa kimoja kimoja. Kisha pnputil /enum-drivers ikatuorodheshea draiva zote zilizowekwa kutoka nje, kila moja na jina lake la ghalani, oem na namba, na jina lake la asili.

Kwenye orodha ile kulikuwa na mtego. Draiva kadhaa zilitajwa kuwa za Realtek, na kijana alikuwa tayari kuzifuta zote. Lakini tundu la waya wa mtandao la kompyuta ile nalo ni la Realtek, na draiva yake, jina la asili rt640x64.inf, ilikuwa imesimama katikati ya zile za waifai. Sauti nayo ni ya Realtek. Ungefuta kwa jina la mtengenezaji, ungeamka na kompyuta isiyo na waya, isiyo na waifai, na bubu. Tulisoma jina la asili na aina ya kila moja kabla ya kufuta. Ya sidii ikaondoka, ya programu ya bure ikaondoka, na ya adapta iliyovunjika nayo, kila moja kwa pnputil /delete-driver, jina lake la oem, na neno /uninstall mwisho. Ya Windows Update ikaachwa. Niliichagua kwa sababu imepita kwenye majaribio ya Microsoft, na kwa sababu ikipotea najua pa kuipata.

Programu ya bure yenyewe iliondolewa pamoja na kivinjari chake. Adapta ikachomekwa nyuma. Muunganisho ukajitokeza kwa jina "Wi-Fi", bila namba.

Fast Startup tuliiacha kwanza ikiwa imewashwa kwa makusudi, tuone kama draiva nzuri peke yake itatosha. Asubuhi nyingi iliamka vizuri. Asubuhi moja haikuamka. Moja ilitosha. Tukaizima kwenye mipangilio ya umeme ya Control Panel, mama akaambiwa mashine itachelewa kidogo kuwaka. "Mimi huanza na uji," akasema. "Nayo na ianze na chake."

La mwisho lilikuwa kuuzuia mlango. Kwenye Device Installation Settings tulichagua Windows isitafute draiva mtandaoni yenyewe, na kwa kuwa ni toleo la Pro, tukaongeza kwenye sera za mfumo kwamba masasisho yasije na draiva. Lina gharama yake, nitalirudia.

## Kilichokuwa kimejificha nyuma

Baada ya yote hayo waifai ilikaa imara lakini ilikuwa nzito. Barua pepe zinafika, video za chuo zinasuasua. Kwa fundi mwenye haraka hapa ndipo angerudi kwenye draiva.

Adapta ilikuwa nyuma ya kasha la chuma, kasha limeegemea ukuta, na tundu la jirani lilikuwa la USB 3.0 lenye diski ya nje inayofanya kazi wakati wote. Intel walichapisha mwaka 2012 maelezo ya jambo hili: vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, na adapta ile haina mawimbi mengine zaidi ya hayo. Dawa ilikuwa waya wa kurefusha wa USB, wa bei ya chini kabisa, uliotoa adapta nyuma ya kasha na kuiweka juu ya meza, mbali na diski. Mwendo ukapanda pale pale. Kijana aliudhika zaidi na hili kuliko lolote jingine, kwa sababu waya ule ule alikuwa nao kwenye droo.

## Matokeo

Tangu hapo asubuhi za Code 10 zimekwisha. Msimu wa kaskazi, wageni walipojaa, mama alijibu barua zake kwa wakati. Kijana alifanya mtihani wa mtandaoni bila kukatika. Fundi wa kwanza nilikutana naye kwenye barabara ya baharini, nikamsimulia habari ya Shift, akaenda kuijaribu kwa mteja mwingine.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya chochote ni swali la lini inashika. Maneno ya mama yalikuwa na uchunguzi kamili ndani yake: hali mbili, matokeo mawili, yaliyorudiwa usiku baada ya usiku. Walioyasikia kabla waliyatafsiri kwa haraka kuwa habari ya umeme kwa sababu yalitaja stima. Mtu asiye fundi hueleza alichokiona kwa maneno aliyonayo, na kazi ya fundi ni kuuliza ni nini kilichokuwa tofauti kati ya hali hizo mbili.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati kulitugharimu subira, na nyumba yenye wageni haina subira nyingi. Lakini bila hivyo tusingejua kwamba mikato ya mchana ilitoka kwenye programu ya sidii, na kwamba Code 10 ilitokana na draiva mbaya iliyobebwa na Fast Startup. Mama akinunua adapta nyingine kesho, ujuzi huo utamfaa. "Tulifuta yote tukaweka upya" usingemfaa kitu.

Kilichoshindwa kabla yetu hakikuwa uzembe. Kila aliyegusa mashine aliongeza: sidii, kisha programu, kisha tundu jipya. Hakuna aliyeondoa. Na kila nyongeza ilionekana kufaulu, kwa kuwa kila nyongeza ilimalizika kwa kuwasha upya, na kuwasha upya ndiko kulikokuwa kukiponya kwa siku moja. Jaribio la kweli kwa ugonjwa wa namna hii ni kuzima kwa kawaida, kungoja, na kuwasha bila mtu kugusa kitu. Fundi anayetoza kwa safari hawezi kirahisi kungoja asubuhi, na sijui namna ya kumlazimisha. Mimi humwomba mwenye nyumba anipigie simu kesho yake kabla sijapokea salio la malipo.

Uamuzi unaoweza kupingwa ni ule wa kuzuia draiva za mtandaoni. Baadhi ya wenzangu huuona ni mkali mno. Ubaya wake ulionekana pale mama aliponunua printa: Windows iliitazama tu, haikuleta kitu, ikabidi draiva yake ipakuliwe kwa mkono kutoka kwa mtengenezaji. Mama aliuliza kama si afadhali mlango ufunguliwe tena. Tuliupima ukali huo kwa faida yake. Printa hununuliwa mara moja kwa miaka, na yeyote anaweza kuiwekea draiva siku hiyo. Waifai inahitajika kila asubuhi. Mlango umebaki umefungwa, na kwenye daftari la hesabu, ukurasa wa ndani wa jalada, kijana ameandika mahali pa kuufungulia na namba ya adapta: PID_8179.